Nilikwenda Malindi Nikaukuta Udongo wa Kwetu

Mtu wa Kitui akisema kwamba amekwenda kutembea baharini kwa boti, jamaa zake hucheka kwanza, kisha ndipo humwuliza kama alirudi mzima. Sisi ni watu wa nchi kavu. Maji tunayajua kwa mtungi, kwa punda na kwa shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka. Kuogelea ni ustadi ambao wengi wetu tuliusoma vitabuni tu. Kwa hiyo Desemba iliyopita, wakati watu wa kwetu wanaofanya kazi Mombasa walipokuwa wakijazana katika mabasi kupanda bara kwa sikukuu, nami nikiteremka njia ile ile kuelekea Malindi, nilijiona kama mtu aliyeshikwa na usingizi akapitishwa kituo chake.

Tena hayo maji machache tuliyo nayo hayana utani. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka maji yaliyofunika daraja, likapinduka na kuzama. Watu zaidi ya 30 walikufa. Walikufa maji katika wilaya ambayo watoto wake hutembea masaa kutafuta ndoo moja, ndani ya mto ambao miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Tangu siku ile mimi sikupenda tena kusikia sauti ya maji mengi.

Aliyenialika ni rafiki yangu wa tangu shule ya upili, mwenyeji wa Mbooni huko Makueni. Alisomesha pwani miaka mingi, na alipostaafu, badala ya kurudi kwao kununua ng'ombe kama desturi inavyotaka, akanunua boti. Kwao walisema ameingiliwa na majini ya kizungu. Boti yenyewe si ya fahari. Ni ya mbao, urefu wake futi 22, ina mashine moja iliyoning'inizwa nyuma na turubai la kukinga jua ambalo limekwisha kushonwa mara tatu au nne. Siku za kazi huwapa wavuvi nao humletea fungu lake. Jumapili ni ya mwenyewe, na hataki abiria wa kulipa.

"Njoo nikuonyeshe shamba la mama yako," aliniambia katika simu.

Nilimjibu kwamba shamba la mama yangu liko kando ya Mto Athi, upande wa Kitui, ng'ambo ya kwao, na kwamba ninalijua vizuri kuliko yeye. Alicheka tu, akaniambia nije na kofia.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Mambrui aliyepita miaka sitini, mwembamba, mwenye kikoi na kofia ya kiua, asiyekuwa na haraka hata kidogo. Mwenyeji wangu alimwita Mwalimu, nami akaniita mgeni tangu asubuhi hadi jioni. Aliniangalia nilivyokuwa nikilifunga jaketi la kujiokolea, fundo juu ya fundo, akauliza kwa upole, "Waogopa, mgeni?"

"Naogopa, Mzee."

"Vyema. Asiyeogopa ndiye atuharibiaye safari."

Akanieleza jinsi siku itakavyokwenda, na alipokuwa akieleza nilitambua kwamba saa ya mkononi kwake ni pambo. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku mbili, kwa hiyo lilikuwa bamvua: maji yangekupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa sana kiasi cha saa kumi alasiri. Basi asubuhi tungekwenda kusini kwenye miamba, kuyaona matumbawe wakati maji ni haba. Mchana tungerudi, tuuvuke mwambao wa Malindi kwenda kaskazini, na maji yakijaa tungeingia mlangoni mwa Mto Sabaki. Wakati mwingine wowote mlango ule hauingiliki, kwa kuwa mbele yake pana mafungu ya mchanga yanayohamahama, nayo mawimbi huvunjika juu yake kwa kishindo. Na upepo? Ulikuwa ni mwanzo wa kaskazi, akasema. Kwenda tungekuwa tukiupiga uso, na kurudi ungetusukuma mgongoni.

Tuling'oa nanga saa moja kasorobo. Kwa robo saa ya kwanza sikuona lolote ila vidole vyangu vilivyoshika ubao. Nilipoinua macho, Nguzo ya Vasco da Gama ilikuwa juu ya jabali lake, nyeupe, na nyuma yetu mji umelala. Habari za yule Mreno aliyefika hapa mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi kila mwanafunzi amezikariri, nami sitamchosha msomaji. Kilichonishangaza mimi ni rangi ya maji yaliyokuwa yakipiga chini ya jabali lile. Katika kadi za posta bahari ya Malindi ni buluu. Hii ilikuwa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo wekundu ulivyozidi kuonekana ndani yake. Nilichota kwa kiganja. Maji yalipochirizika, katika mistari ya mkono wangu yalibaki matope mekundu, laini kama unga.

Mwenyeji wangu alikuwa ananitazama. "Waujua udongo huo?" akauliza.

Niliujua. Hakuna mtoto wa Ukambani asiyeujua. Ndio uliotia rangi soksi zetu tulipokuwa shule, na sabuni yoyote haikuutoa.

Hapa inafaa nieleze kidogo kuhusu mto wenyewe, maana hata sisi tunaokaa kando yake tunaujua kipande kipande. Mto Athi huanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukipokea na maji ya Mto Nairobi pamoja na taka zake zote. Hupita Maporomoko ya Kumi na Nne karibu na Thika, ukazunguka Mlima Ol Donyo Sabuk, kisha ukateremka kusini-mashariki chini ya Uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa mawe ya volkano unaoonekana kama meza isiyo na mwisho. Huko ndiko unakokuwa mpaka: kulia Makueni, kushoto Kitui. Ukishapokea Mto Tsavo ndani ya mbuga, hubadilisha jina ukaitwa Galana. Ukikaribia pwani hubadilisha tena ukaitwa Sabaki, na kwa jina hilo huingia baharini kaskazini ya Malindi. Baada ya Tana, hapa Kenya hakuna mto ulio mrefu kuuzidi. Majina matatu, na nadhani hayo majina ndiyo yaliyotudanganya. Bibi wa Kathonzweni anayeuona mmomonyoko ukila shamba lake huona udongo umekwenda Athi, basi. Mvuvi wa Malindi huona matope yametoka Sabaki, basi. Hawajawahi kuambiwa kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Tulifika penye miamba ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi baada ya saa tatu, tukalipa ada yetu kama watu wengine. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ya Watamu, nazo ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Maji yalikuwa yamekupwa, vichwa vya matumbawe vimetokeza kama mafuvu. Kusini zaidi maji yalikuwa maangavu, nikaona samaki wa manjano na wengine wenye milia kama suruali za wafungwa wa zamani. Lakini Nahodha alitaka nitazame upande mwingine, kaskazini, ambako ule wekundu ulikuwa umefika. Aliinama, akapitisha kidole juu ya tumbawe moja, akanionyesha ncha yake. Ilikuwa na utando wa matope.

"Tumbawe ni kama mtu," alisema. "Lafunikwa pua. Likivumilia leo, kesho, keshokutwa lachoka."

Alinieleza kwamba upepo wa kusi ukivuma, kuanzia Aprili hivi, mkondo huyachukua maji ya Sabaki kuyapeleka kaskazini, upande wa Ungwana, na Malindi hupumua. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, mkondo hugeuka ukayaleta maji hayo kusini, moja kwa moja juu ya miamba. Na ni katika Novemba na Desemba ndipo mvua za vuli huinyeshea Ukambani kwa nguvu. Yaani udongo unapokuwa mwingi mtoni ndipo bahari nayo inapoulekeza Malindi, tena ndio msimu ambao wageni wa Ulaya hukimbia baridi kwao wakaja kutafuta maji ya buluu.

Jambo hili limepimwa. Tumbawe hukua kwa tabaka mwaka baada ya mwaka, kama shina la mti, na ndani ya kila tabaka huhifadhi dalili za maji ya mwaka ule. Wataalamu walitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi lenye rekodi ya miaka 300 hivi, wakatafuta ndani yake madini ya bariamu yanayoletwa na udongo wa bara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa miaka mia mbili ya kwanza hakuna mabadiliko makubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa ukoloni, udongo unaanza kuongezeka, na unaendelea hivyo. Nilipomtafsiria Nahodha habari hiyo alitikisa kichwa, akasema hakujua kwamba mawe huandika.

Ili nisiwadhulumu watu wa kwetu, ni lazima niseme pia kwamba si kila tumbawe lililokufa limeuawa na matope. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe yakafa, hata yale yaliyo mbali na mdomo wa mto wowote. Lakini mgonjwa aliyekabwa pua, homa ikimjia, hana nguvu za kupigana nayo.

Tulitia nanga penye kivuli cha pwani, tukala. Mwenyeji wangu alifungua sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde, chakula chetu tangu enzi za mababu, na mke wa Nahodha alikuwa ametupa mahamri na samaki wa kukaanga. Nahodha alionja muthokoi, akatafuna kwa muda mrefu, akasema ni chakula cha mtu mwenye safari ndefu. Hatukujua kama ametusifu.

Hapo ndipo ubishi wa kale ulipozuka. Mimi nilisema udongo ule ni wa Makueni na Machakos, sisi Kitui hatumo. Nilikuwa na hoja. Mito yetu mingi humwaga maji Tana, na mwingine kama Tiva huishia mchangani huko Tsavo bila kuiona bahari. Wenye Thwake na Kaiti na vilima vyenye miteremko mikali ya Mbooni na Kilungu ni wao.

"Na ule ukingo wa Athi kuanzia Kanyangi hadi Ikutha ni wa nani?" mwenzangu akauliza. "Umehamia Uganda?"

Nikanyamaza, maana kwetu ni huko huko.

Yeye hupenda kuyasema haya mambo kwa sababu yana historia nyumbani kwao. Mwaka 1937 afisa wa serikali ya kikoloni aliyeitwa Colin Maher aliandika taarifa kali juu ya mmomonyoko wa udongo katika Ukambani, na lawama kubwa ikatupwa juu ya ng'ombe, kwamba ni wengi mno. Ardhi nzuri zilikuwa zimekwisha kukatwa kwa ajili ya masetla, watu na mifugo wamesongamanishwa katika vilima. Hilo halikutiliwa uzito. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu. Wakamba waliungana, na Julai mwaka huo maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakataka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kifungoni, na mahali alipopelekwa si kwingine ila Lamu. Kabla ya mwaka kwisha serikali ililegeza kamba, ikaacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu. Babu yake mwenyeji wangu alikuwa katika msafara ule wa Nairobi, na alisimulia hadi uzee wake jinsi walivyolala nje kwa baridi.

"Fikiri," alisema mwenzangu, akielekeza kidole kaskazini. "Mtu analalamika kwa ajili ya nchi yake, anatupwa Lamu. Na ile nchi yenyewe inamfuata nyuma kwa njia ya mto."

Saa nane tulianza kupanda kaskazini. Kaskazi ilikuwa imeamka, na boti ikawa inapiga mawimbi kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Sitaficha kwamba muthokoi ulirudi. Nahodha alinipa ndimu nilambe, akaniambia nitazame pwani, nisitazame maji. Basi nikatazama pwani. Mbele ya mji wa Malindi ufuko umetanuka kuelekea baharini, mchanga umejaa. Nahodha alinionyesha mahali ambapo utotoni mwake waliruka kutoka mashuani wakazama hadi kichwani, na sasa watoto walikuwa wakicheza mpira pale.

Mdomo wa Sabaki huuoni kwanza, huusikia. Ni ngurumo ya mawimbi juu ya mafungu. Kisha ukaonekana mstari, nami sijapata kuona kitu kama kile. Upande mmoja bahari ni ya kijani iliyoiva, upande wa pili ni nyekundu, na baina yao hapana mchanganyiko, ni pindo moja refu la povu, vijiti, majani na chupa za plastiki, linalokwenda hadi macho yaishe. Boti ilipouvuka, hata sauti ya mashine ilibadilika. Nahodha alisimama, akawa anahesabu mawimbi kimya kimya, akaachia matatu makubwa yapite, kisha akasukuma mashine kwa nguvu zake zote. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa ndani, maji yametulia, mapana, mazito, na kimya kilikuwa kikubwa kiasi cha kusikia ndege.

Ndege walikuwa wengi mno. Heroe wamesimama kwa mguu mmoja katika maji machache, membe mamia kwa mamia juu ya fungu la mchanga. Upande wa kaskazini palikuwa na vilima vya mchanga vya kuelekea Mambrui, na mbele kabisa, juu ya mto, daraja la barabara ya Lamu. Viboko wawili au watatu walitoa masikio, Nahodha akawapitia mbali kwa heshima. Ukingoni palikuwa na mikoko michanga iliyoota juu ya matope mapya. Nahodha alisema mingine anaikumbuka ikiwa hakuna.

Tulishuka kwenye fungu moja la matope. Nilivua viatu. Miguu ilizama hadi kwenye vifundo, na ile hali ya udongo kupanda baina ya vidole nilikuwa sijaihisi tangu utoto, tangu siku za kupanda mara baada ya mvua ya kwanza.

"Haya," mwenzangu akasema. "Karibu shambani."

Ni lazima nieleze kwa nini sikucheka. Katika miaka ya 1970 mama yangu na wanawake wenzake wa mwethya, chama cha kusaidiana kazi, walichimba matuta katika shamba letu, mteremko mzima, kwa majembe na karai. Ni yale matuta yanayoitwa fanya juu, kwa kuwa udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili wataalamu wa kilimo hulitumia vile vile duniani kote, na chanzo chake ni vilima vyetu hivi. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake kwa sehemu kubwa, waume wakiwa mijini. Kitabu kilichotolewa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilionyesha kwamba Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992, watu wameongezeka mara tano tangu miaka ya 1930 lakini ardhi iliyokuwa ikisemwa imekufa imepona. Vilima vimevikwa matuta. Huo ni ushindi wa karai na jembe, na sijaona sanamu yake popote.

Lakini matuta ni kama paa la makuti, yataka mkono kila mwaka. Mvua kubwa za mwaka 1997, zile za El Niño, zilivunja matuta yetu mawili ya chini. Mama aliniletea barua kunitaka nije na vijana tuyajenge kabla ya msimu mwingine. Nilikuwa kazini mjini, nikatuma pesa badala yake. Mwaka ule chakula kilikuwa ghali, pesa zikaliwa. Mwaka uliofuata nikatuma tena. Pale palipovunjika pakawa mfereji, mfereji ukawa korongo, na leo robo ya lile shamba haipo. Imekwenda Athi. Mama hakunilaumu hata siku moja. Amekuwa akilizungushia korongo mkonge, kila mwaka akirudi nyuma hatua moja.

Nilimweleza Nahodha habari hizo nikidhani atanikemea, kwa niaba ya samaki. Alichota tope, akalibonyeza, akasema, "Usilie sana, mgeni. Kamba wapenda tope."

Nilishtuka. Mwenzangu alicheka hadi akakaa matopeni. Nahodha alikuwa anasema juu ya kamba wa baharini, wale wenye masharubu wanaouzwa ghali hotelini. Kumbe mlango wa Sabaki na ghuba yote ya Ungwana hadi Tana ndiyo machimbo makuu ya kamba hapa Kenya, na kinachowalisha ni haya haya maji ya mito na mikoko inayomea katika tope. Meli kubwa za kukokota nyavu zilikuja kuwagombania hadi serikali ikazisimamisha mwaka 2006, kwa malalamiko ya wavuvi wadogo kama yeye. Mto ukikauka kabisa, alisema, kamba nao hupungua. Kwa hiyo yeye hautaki mto usilete kitu. Autaka ulete kwa kiasi.

"Tatizo ni kwamba waleta kama mlevi," alisema. "Miezi minane hana kitu, siku tatu amwaga mshahara wote."

Sijasikia mtaalamu aliyeeleza mito ya Ukambani vizuri kuliko hivyo. Na dawa yake huko kwetu inajulikana, ndiyo maana watu wa Kitui na Makueni wamejenga yale mabwawa ya mchanga, ukuta wa saruji unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko yakija, mchanga hunaswa nyuma ya ukuta, na maji hubaki yamejificha ndani ya mchanga hadi kiangazi. Kitui peke yake ina mamia ya kuta hizo. Lakini mchanga huo huo ndio malori huja kuuchota usiku kwa ajili ya majumba ya Nairobi, hata Makueni ikalazimika kutunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Na mashamba mapya yanafunguliwa kila siku katika nyanda kavu za chini, na watu waliokosa nafasi milimani, mahali ambapo hakuna mwethya wala matuta bado. Nionavyo mimi, wekundu wa Malindi unatoka huko kuliko katika vilima vya zamani.

Maji yalikuwa yakianza kupwa, Nahodha akatuhimiza. Kabla ya kupanda botini niliona simu yangu ina mtandao kutoka upande wa Mambrui, nikampigia mama.

"Mwaitu," nilimwambia, "niko baharini."

"Unafanya nini huko?" aliuliza. Nilishindwa kumjibu. Aliniambia nisikae karibu na maji, nivae kitu kizito. Kisha akasema kwao kumenyesha usiku wa jana na wa juzi, mvua ya mawe, Athi unanguruma hadi nyumbani, na tuta lile la tatu, lililokuwa limebaki, limepasuka katikati. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nilimwambia ninakuja Jumanne, mwenyewe, na koleo. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nina viatu vya kufaa.

Nahodha alikuwa amesikia neno moja tu. "Kumenyesha bara?"

"Kumenyesha, Mzee. Siku mbili."

Alitazama juu ya mto, kulekule daraja liliko, akawa anahesabu kwa vidole vyake huku boti ikianza kuinuka na mawimbi ya mlangoni.

"Jana, leo, kesho," alisema. "Yatafika Jumatano. Mwalimu, Jumanne tuzitoe nyavu."